Boma, Gereza na Ngome ya Kabete

Neno "ngome" huwaletea Waswahili wengi picha ya kuta za mawe za pwani, kama zile za Mombasa zilizoanza kujengwa mwaka 1593. Ngome za kwanza za Waingereza huko bara zilikuwa za namna nyingine. Mnamo Oktoba 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga kituo Dagoretti baada ya kula yamini ya udugu na Waiyaki wa Hinga. Kituo hicho kiliachwa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1891 Kapteni Eric Smith alijenga kingine kwenye mwinuko wa Kabete, magharibi ya ilipo Nairobi leo, nacho kikaitwa Fort Smith.

Kiswahili kilikuwa na jina la kituo cha aina hiyo, nalo ni "boma", yaani ua wa miti au miiba wa kuzuia adui na wanyama wakali. Baadaye, kwa kuwa aliyekaa ndani ya ua ndiye aliyehukumu na kutoza kodi, boma likawa ofisi ya serikali, hata pasipo na ua. Neno "gereza" lilipita njia iliyo sambamba. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa jina la ngome ya Mombasa, kisha la nyumba ya wafungwa, kazi ambayo ngome hiyo iliifanya kuanzia 1895 hadi 1958. Katika maneno yote mawili, maana iliacha jengo ikashika mamlaka.

Badiliko hilo lina historia ya watu. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa ndani ya Fort Smith baada ya kugombana na msimamizi wake. Alipelekwa pwani akiwa mfungwa, akafia njiani, Kibwezi. Boma lilikuwa limekwisha kuwa gereza kabla kamusi hazijasema hivyo.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, makao ya utawala wa Ukamba yalihamishiwa huko kutoka Machakos, na Kabete ikafifia. Leo barabara kuu itokayo Westlands kuelekea Kabete inaitwa Waiyaki Way: jina la mfungwa limeshika njia iendayo kwenye ngome, ingawa limefungwa kwa neno la Kiingereza. Kwa hiyo mchunguzi wa majina ya mahali hatosheki kuuliza jina lina maana gani; hana budi kuuliza pia ni nani aliyelitoa, na lini.