Jasho Linatoka, Mizani Haisogei: Mazoezi na Hamu ya Kula

Kila mwaka mpya kumbi za mazoezi za Birmingham hujaa. Utawakuta akina mama wa kwetu kutoka Small Heath na Handsworth, wanafunzi wa Selly Oak, na akina baba wanaoendesha teksi usiku. Miezi miwili baadaye wengi hawaonekani tena. Ukiwauliza, malalamiko ni yale yale: jasho limetoka wiki nane, mizani iko palepale, na njaa imezidi. Basi mazoezi ya nini?

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Sisi wenye asili ya Afrika tuishio Uingereza tunapata kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu kwa wingi kuliko majirani zetu Wazungu, na mara nyingi katika umri mdogo zaidi. Mtu akiacha mazoezi kwa sababu ya mizani peke yake, ametupa kinga yake. Ndiyo maana inafaa tujue mazoezi hulifanya nini tumbo.

Saa moja baada ya mazoezi

Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua homoni iitwayo grelini. Hutoka hasa tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuupa ubongo habari kwamba wakati wa kula umefika. Chuo Kikuu cha Loughborough, ambacho hakiko mbali na Birmingham, kimechunguza kwa miaka mingi mwenendo wa homoni hii mtu anapokimbia. Profesa David Stensel na wenzake walikuta kwamba mazoezi makali huishusha grelini na njaa hupungua. Hali hiyo haidumu. Baada ya saa moja au mbili mambo hurudi kama kawaida.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza sababu nyingine. Misuli inapofanya kazi ngumu, mwili hutengeneza kemikali iitwayo Lac-Phe. Panya wanene walipodungwa kemikali hiyo walipunguza kula. Katika damu ya binadamu nayo hupanda baada ya mazoezi, na hupanda zaidi baada ya mbio fupi za kasi.

Kwa hiyo si kweli kwamba ukifanya mazoezi leo lazima utakula kupita kiasi leo. Watafiti wa Loughborough walilinganisha pia njia mbili za kuuondolea mwili kiasi kilekile cha nguvu: kukimbia na kupunguza chakula. Waliopunguziwa chakula waliona njaa mapema na wakala zaidi siku ileile. Waliokimbia hawakufanya hivyo.

Wiki zikipita, tumbo hudai chake

Shida huja polepole. Mwaka 2008 watafiti wa Leeds waliwasimamia watu 35 wenye uzito uliozidi, wakafanya mazoezi kwa wiki 12. Kwa wastani walipungua kilo 3.7. Lakini wastani ulificha mengi: wapo waliopungua kilo nyingi, na wapo walioongezeka kidogo, ingawa wote walitoka jasho kwa kiasi kilekile. Tofauti kubwa ilikuwa katika kula. Wale ambao uzito wao haukushuka walikuwa wakiona njaa zaidi na kula zaidi, bila kukusudia. Kwa hiyo jirani yako akipungua nawe usipungue, usijiite mvivu. Miili haijibu sawa.

Ushahidi mwingine unatoka kwetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Wanaume wao hutembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku na wanawake kiasi cha kilomita 6. Wengi tungedhani wanachoma kalori nyingi kuliko sisi tunaokaa ofisini. Ukizingatia ukubwa wa mwili, hawakuwazidi watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anasema mwili hufanya kama mama mwenye bajeti: ukitumia zaidi kwenye miguu, hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa ubanaji huo. Hata hivyo, Wahadzabe wana shinikizo la damu zuri na mioyo imara, na hapo ndipo faida ya kutembea kwao inapoonekana.

Anayekaa tu naye hula zaidi

Usidhani basi kwamba kukaa kunaituliza njaa. Mwaka 1956 Jean Mayer na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko Bengali, India. Wenye kazi ngumu walikula sana, jambo lisiloshangaza mtu. Lakini waliokaa kutwa walikula kuliko wenye kazi nyepesi, nao ndio waliokuwa wazito. Mwili usiotikiswa hushindwa kujua umeshiba lini.

Hili linamhusu dereva wa teksi anayekaa kwenye usukani saa kumi, na mwanafunzi anayekesha maktaba na pakiti ya biskuti. Kutembea kidogo kila siku hulisaidia tumbo kusema kweli: njaa iwe njaa, na shibe iwe shibe.

Mitego ya mji huu

Wa kwanza ni baridi. Mwaka 2005 watafiti wa Florida waliwapandisha watu baiskeli ndani ya maji. Waliofanya hivyo kwenye maji baridi walikula baadaye zaidi ya asilimia 40 kuliko walipokuwa kwenye maji ya vuguvugu. Ukitoka bwawani na nywele zimelowa, upepo wa Januari unakupiga, na duka la chipsi liko ng'ambo ya barabara, ujue njaa ile ina sababu.

Wa pili ni kujilipa. Nusu saa ya kutembea haraka humtumia mtu wa kilo 70 takriban kalori 150. Chokoleti moja ya maziwa ya gramu 45 ina karibu 240, na chapati nene ya mafuta huizidi hiyo. Katika mji ambao Cadbury walijenga kiwanda chao Bournville mwaka 1879, zawadi ya namna hiyo haiko mbali na mkono.

Wanaojituma sana wana shida tofauti

Tarehe 30 Julai 2022, kwenye mbio za marathoni za Michezo ya Jumuiya ya Madola hapa Birmingham, medali zote tatu za wanaume zilikwenda Afrika Mashariki: Victor Kiplangat wa Uganda, Alphonce Simbu wa Tanzania na Michael Githae wa Kenya. Wakimbiaji wa namna hii hula nini? Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha vipimo vya wanariadha 10 bora wa Kenya. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, na sukari ya chai ya maziwa. Walikula takriban kalori 2,990 kwa siku huku wakitumia takriban 3,600.

Maana yake, mazoezi makali yanaweza kuizima njaa hata mwili unapohitaji chakula. Kijana wako anayecheza mpira au kukimbia kila siku asisubiri njaa. Ale kwa saa. Binti anayefanya mazoezi mengi, akapungua na kukosa siku zake, apelekwe kwa GP. Na mtoto yeyote asiambiwe akimbie ili kulipia mandazi aliyokula.

Ufanyeje nyumbani

Panga mazoezi kabla ya mlo mkuu, na uache chakula tayari jikoni. Njaa itakaporudi ikute maharage, samaki au mayai na mboga, isikute mkate mweupe na soda. Sokoni Bull Ring mboga na matunda huuzwa kwa bakuli kwa bei nafuu. Kunywa maji kwanza. Ugali na wali si haramu. Punguza kipimo, ongeza mboga. Anayetumia insulini au dawa za kisukari azungumze na GP kabla ya kubadili mazoezi au saa za kula.

Mazoezi si lazima yagharimu. Njia za kando ya mifereji ni bure, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi kuna parkrun ya kilomita tano katika bustani ya Cannon Hill. Waweza kutembea, hakuna atakayekucheka. Lengo la NHS ni dakika 150 kwa wiki.

Na kipimo? Weka mizani kando kwa muda. Pima kiuno kwa utepe mara moja kwa mwezi, na uangalie shinikizo la damu na sukari. Wenye umri wa miaka 40 hadi 74 hapa Uingereza wana haki ya uchunguzi wa bure wa NHS kila baada ya miaka mitano. Sukari ikishuka na shinikizo likatulia, mazoezi yamefanya kazi yake hata kama kilo ni zilezile. Kilo zenyewe kazi yake iko zaidi jikoni.