Kabla jakuzi halijafika nyumbani

Binamu zangu wa Al Khoudh walinunua jakuzi kwanza, kisha ndiyo wakaniita niwasaidie kufikiri. Nia yao ilikuwa njema. Mama yao, khalati yangu, magoti yanamsumbua siku nyingi, na kila baridi ikiingia huwaomba wampeleke Rustaq kwenye chemchemi ya Ain Al Kasfah, maji yatokayo ardhini yakiwa na joto la nyuzi 45 hivi. Safari ndefu, wanawe wana kazi. "Mama, tutakuletea chemchemi hapa hapa," wakamwambia. Naye, mzaliwa wa Unguja, akawajibu kwamba Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu nzima kule Kidichi mwaka 1850, basi wao wasijisifu kwa beseni.

Mpango ulikuwa kuliweka juu ya paa, upepo wa jioni na milima mbele ya macho. Mimi ni muuguzi, si mjenzi, lakini hesabu yake haihitaji chuo. Jakuzi lenyewe tupu lilikuwa na kilo 300. Linachukua lita 1,200 za maji, na kila lita ni kilo moja. Ongeza watu wazima wanne, kilo 280. Jumla ni kilo 1,780 juu ya eneo la mita mbili kwa mbili, yaani karibu kilo 445 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya kawaida ya nyumba hupangiwa kubeba kilo 200 hivi kwa mita ya mraba. Na juu ya paa lile tayari kulikuwa na matangi mawili ya maji. Binamu mkubwa akasema nyumba ni ya zege, haina neno. Tukamwita mhandisi. Alitazama nguzo, akauliza ramani ya nyumba, hakumaliza hata chai: paa hapana.

Likashuka uani. Hapo nako si kulibwaga tu juu ya vigae. Mafundi walivunja vigae, wakashindilia udongo, wakasuka nondo na kumwaga zege la unene wa sentimita 15, lililo sawasawa kabisa, maana jakuzi likiinama maji hukaa upande mmoja na ganda hupasuka taratibu. Tuliacha nafasi ya mtu kupita upande wa mashine. Fundi wa matengenezo hawezi kufanya kazi akiwa amebanwa na ukuta. Na tulipima mlango wa uani. Ulikuwa mwembamba kuliko jakuzi, kwa hiyo likaja kwa kreni juu ya ukuta, gharama ambayo hakuna aliyeiweka kwenye bajeti. Kama umepanga nyumba, kabla ya yote haya mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi.

Umeme ndio uliochukua muda wangu mwingi, kwa sababu nimeshampokea mtu aliyepigwa na umeme akiwa amelowa, na sitaki tena. Jakuzi lipate waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, si kuchomekwa kwenye waya wa kuongezea. Liwe na kifaa kinachokata umeme papo hapo kikihisi unavuja, cha miliampia 30. Swichi ya kuzimia tuliiweka mbali kiasi kwamba aliye majini hawezi kuifikia, lakini anaiona. Fundi aliipandisha juu ukutani pia. Kila aliyekuwa Muscat Juni 2007 anajua Gonu ilivyojaza maji nyumba za watu.

Sasa watoto. Nyumba ile ina wajukuu watano, mdogo ana miaka miwili. Watoto wadogo wanazama kimya, hawapigi kelele kama kwenye filamu. Mfuniko uwe wa kufungwa kwa kufuli na ufunguo uwe na mtu mzima mmoja. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: tundu la kunyonya maji chini ya jakuzi. Mwaka 2002 huko Marekani msichana wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alinaswa na mvuto wa tundu hilo akafa, na sheria ya mwaka 2007 kuhusu vifuniko salama vya matundu hayo ina jina lake. Kwa hiyo kagua kifuniko kabla ya kujaza maji. Kikiwa kimevunjika au kimelegea, hakuna mtu kuingia. Wasichana wafunge nywele.

Nikafika kwa khalati mwenyewe. Ana kisukari miaka 18. Mwaka juzi aliunguza mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akaona malengelenge asubuhi. Usiku hakuhisi kitu. Wanawe walikuwa wamesahau, au hawakutaka kukumbuka. Niliwaambia mbele yake kwamba mtu wa namna hii hapimi joto kwa mguu. Kipimajoto kwanza, daktari wake akubali kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni nyuzi 40. Kwake tulikubaliana 37, dakika kumi, hakuna kidonda, na asikae peke yake, kwani dawa za presha pamoja na maji ya moto humfanya mtu aone kizunguzungu akisimama. Mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wakae nje.

Binamu mdogo alinuna. "Sasa si bora tusingelinunua?"

Maji yenye joto bila klorini ni makazi ya bakteria wa legionela, hivyo hupimwa kila linapotumika. Kiangazi linabaki kufunikwa kivulini. Usiku wa Qurayyat, Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, nani atakayetaka maji ya moto?

Lilijazwa Desemba. Khalati alisimama ukingoni na deraa lake, akanitazama.

"Leo ngapi?"

"Thelathini na nane, Khalati."

"Basi ngojeni ipungue," akasema, akarudi kukaa kibarazani.