Kuosha Miguu Hakutoshi, Ikaushwe Pia

Wapenzi wasomaji wa Kyela, Ipinda na Matema, masika yetu mnayajua. Toka Machi hata Mei mashamba ya mpunga hujaa maji, na wengi huingia shambani na buti za mpira. Hilo ni jambo jema, maana buti hukinga mguu na miiba, nyoka na kichocho. Lakini mbona jioni, mtu avuapo buti isiyo na tundu, hukuta soksi zimelowa?

Maji hayo ni jasho lake mwenyewe. Nyayo zina vitundu vya jasho vingi mno, na mpira unaozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka. Ngozi ya katikati ya vidole hulainika, hugeuka nyeupe, kisha hupasuka, na fangasi hupata makao.

Msiudharau ufa huo mdogo. Ni mlango wa vijidudu viletavyo uvimbe na homa. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Mwenye matende, ugonjwa uletwao na mbu, huzidiwa na uvimbe vijidudu vikipita hapo.

Hata majeshi yalijifunza jambo hili kwa taabu. Katika vita ya 1914 hadi 1918, maelfu ya askari wa Kiingereza kule Ufaransa na Ubelgiji waliugua miguu kwa kusimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji na baridi. Wakaamriwa kukausha miguu na kubadili soksi kila siku, na wakubwa wao wakaikagua. Wagonjwa wakapungua.

Basi, baba na mama, fanyeni hivi nyumbani:

1. Jioni osheni miguu kwa sabuni, kisha ikausheni kwa kitambaa safi, kidole baada ya kidole. Kila mtu awe na kitambaa chake.

2. Kila mtu awe na soksi jozi mbili: moja mguuni, nyingine kambani. Soksi ya jana yenye unyevu isivaliwe leo.

3. Jazeni buti karatasi za gazeti kuukuu au majani makavu ya mpunga usiku, na asubuhi yatoeni. Msizianike motoni, maana mpira hupasuka.

4. Saa ya kupumzika, kaeni pakavu, mvue buti, miguu ipate hewa.

5. Vidole vikiwasha, nendeni zahanati mkapate dawa ya kupaka. Msiiache siku kuwasha kunapokoma, bali mpake kwa muda wote mlioagizwa. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu, au homa ikipanda, nendeni siku hiyo hiyo.

Tena, mzazi mwenye mtoto shuleni Tukuyu, zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa letu, asimpe jozi moja tu ya soksi. Kule Juni na Julai ni baridi, na soksi yenye jasho hunyonya joto la mwili. Mguu mkavu ndio mguu wenye joto.

Alhamisi Kuu huja masika, matope yakiwa tele. Tunakumbuka kwamba Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Tukumbuke pia kwamba aliikausha kwa kitambaa alichojifunga kiunoni. Nyumbani mwako yumo bibi au babu asiyeweza kuinama kuvifikia vidole vyake. Jioni hii chukua kitambaa, ukamkaushie.