Pweza Hana Uzao wa Pili

Kazi hunipeleka Hulugho mara kwa mara, na kila nikijitambulisha kuwa mimi ni mtu wa Lamu, mazungumzo huhamia baharini. Swali ninaloulizwa sana na wafugaji wa huko ni hili: kwa nini watu wa pwani hufunga mwamba miezi kadhaa wasivue pweza, ilhali riziki ni ya Mwenyezi Mungu na bahari haina mlango? Sisi ni majirani. Ukishika kusini mashariki kutoka Hulugho, ukapita msitu wa Boni, unatokea Kiunga. Swali la jirani lastahili jibu, na jibu lenyewe limo ndani ya kichwa cha pweza.

Mfugaji anamjua ng'ombe wake. Akizaa mwaka huu, mvua zikija vizuri atazaa tena. Pweza hayuko hivyo. Pweza wetu wa miambani, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, huishi kama mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia tunduni, huziba mlango kwa mawe, huyapepea mayai kwa maji safi, wala hatoki kutafuta chakula. Mayai yakishaanguliwa, naye hufa.

Nani humwambia kwamba wakati umefika? Nyuma ya macho yake, karibu na ubongo, kuna tezi mbili ndogo. Akiwa mchanga, ubongo huzizuia tezi hizo kupitia mshipa wa fahamu, kama mtu aliyeshika kamba ya ndama wakati wa kukama. Kazi ya pweza siku hizo ni kula na kukua tu. Kamba ikilegezwa, tezi huvimba na kutoa homoni, yaani ujumbe wa kemikali unaobebwa na damu mpaka kwenye mfuko wa mayai. Ujumbe ukifika, seli zinazozunguka kila yai huanza kutengeneza protini ya kiini, chakula cha mtoto atakayekuja. Yai hujaa na kupevuka.

Haya yamejulikana kwa majaribio. Mwaka 1959, Martin Wells na mkewe Joyce, Waingereza, walieleza jinsi walivyokata mshipa huo kwa pweza wachanga. Tezi zikavimba na mayai yakapevuka kabla ya wakati wake. Hata pweza waliokatwa mishipa ya macho wasione nuru walipevuka mapema.

Mwaka 1977, Jerome Wodinsky wa Marekani alichapisha jambo la ajabu zaidi. Aliwatoa tezi zote mbili majike waliokwisha kutaga. Wakaacha kulinda mayai, wakarudi kula, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba tezi ile ile inayopevusha mayai ndiyo inayomfunga mama mdomo na kumpeleka kwenye mauti. Mwaka 2022, watafiti akina Z. Yan Wang na Clifton Ragsdale walionyesha kwamba baada ya jike kupandwa, tezi hizo hubadilisha namna zinavyotumia kolesteroli, na hutengeneza kemikali zaidi za jamii hiyo.

Sasa turudi mwambani. Jike akichokolewa kabla kamba haijalegezwa, ameondoka na mayai yake yote, maelfu kwa maelfu. Hana msimu wa mwakani wa kufidia. Lakini pweza mchanga hukua haraka mno, ndiyo maana miezi michache ya kumwacha huleta tofauti. Kule Andavadoaka, Madagaska, wanakijiji walianza kufunga sehemu ya mwamba mwaka 2004, na walipoufungua walipata pweza wakubwa zaidi. Utaratibu huo umefika Kisiwa Panza huko Pemba, na kwetu Lamu akina mama wa kisiwa cha Pate wameufuata.

Siwezi kuficha kwamba kufunga kuna gharama. Wachokoaji wengi ni akina mama wanaotembea kwa miguu maji yakitoka. Hawana mashua wala nyavu. Mwamba ukifungwa, wao ndio wa kwanza kukosa pesa ya unga. Kwa hivyo nasema ifungwe sehemu, si mwamba wote, na akina mama hao wawe ndani ya kikao kinachochagua sehemu na miezi. Tena pawe na ulinzi, maana hakuna dhuluma kama mama kuvumilia miezi mitatu, kisha mgeni aje na taa usiku wa kuamkia siku ya kufungua, achukue vyote.

Nikiwaeleza hivi wazee wa Hulugho, hawahitaji maneno mengi. Wao wenyewe hutenga malisho ya kiangazi, na anayeingiza mifugo humo kabla ya siku yake hukaripiwa na kijiji kizima.

Nasi wa pwani tuongeze jambo moja, hata mwamba ukiwa wazi. Ukikuta tundu limezibwa kwa mawe kutoka ndani, usilichokoe. Aliyemo hali tena, mwili wake unakonda kila siku, na bei yake sokoni ni ndogo. Alicho nacho cha thamani ni mayai yaliyoning'inia darini mwa tundu hilo.