Bata Si Kuku: Namna ya Kukaanga Kidari Chake

Katika maboma mengi ya skimu utaona bata wakitembea uani, lakini siku ya wageni anayechinjwa ni kuku. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba nyama ya bata ni ngumu, tena ina mafuta mengi mno. Mara nyingi kosa si la bata. Kosa ni kumpika kama kuku.

Mkulima mwenye ekari chache hana budi kutumia vizuri kila kitu alicho nacho. Ikiwa unauza kuku upate karo ya shule, kisha wanunua nyama buchani, na huku bata sita wanakula chakula chako bure, hesabu yako haiko sawa.

TOFAUTI YA BATA NA KUKU

Bata ni ndege wa majini. Chini ya ngozi yake yako mafuta yanayomkinga na baridi. Nyama ya kidari chake si nyeupe kama ya kuku, bali ni nyekundu. Ukimtia katika moto mkali, ngozi huungua upesi na mafuta hubaki ndani. Ndiyo maana walaji hulalamika. Mafuta hayo yataka moto mdogo na subira.

KUMCHAGUA NA KUMTAYARISHA

Bata tuliomzoea sana ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, aitwaye Muscovy, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Dume lake ni zito karibu mara mbili ya jike. Wa kukaanga awe kijana wa miezi mitatu au minne. Bata mzee afaa kuchemshwa tu.

Manyoya ya bata hayapenyezi maji upesi. Kwa hiyo tia sabuni kidogo katika maji ya moto ya kunyonyolea, kisha msafishe bata vizuri kwa maji safi. Kata tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia, maana huharibu ladha. Halafu pasua kando ya mfupa wa kifua, utoe vidari viwili pamoja na ngozi yake.

KUKAANGA

1. Kausha vidari kwa kitambaa safi. Chanja ngozi kwa kisu kikali, mistari ya kukingamana, lakini kisu kisifike kwenye nyama. Paka chumvi, uache nusu saa.

2. Weka vidari katika kikaango kilicho baridi, ngozi ikiwa chini. Usitie mafuta yo yote. Sasa weka kikaango juu ya makaa machache, au gesi iliyopunguzwa. Kikaango kikipata moto polepole, mafuta huyeyuka na kutoka kabla ngozi haijaungua.

3. Acha dakika 12 hadi 15 bila kugeuza. Mafuta yakizidi, yamimine katika bakuli. Usiyamwage.

4. Ngozi ikiwa kavu na ya rangi ya kahawia, geuza. Funika, upike dakika 8 hadi 10 zaidi. Mwenye kipimajoto aone digrii 74 katikati ya nyama. Asiye nacho atoboe mahali penye unene. Maji yatokayo yasiwe na damu.

5. Toa vidari, uviache dakika tano juu ya ubao safi ili maji ya nyama yatulie. Kisha kata vipande vyembamba. Mtu akikata mara moja, maji hayo humwagika na nyama hukauka.

Katika mahoteli makubwa wapishi hutoa kidari kikiwa bado chekundu ndani. Nyumbani, penye watoto na wazee, usifuate desturi hiyo.

MCHUZI NA CHAKULA CHA KUANDAMANA

Bakiza mafuta kijiko kimoja katika kikaango. Kaanga kitunguu, tia maji ya machungwa mawili na sukari kidogo, uchemshe mpaka mchuzi uwe mzito. Wafaransa wamezoea sana kula bata kwa machungwa, kwani uchachu wake hukata mafuta. Viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata vyafaa sana, pamoja na sukuma wiki. Mwenye mpunga atapika wali.

USITUPE KITU

Vidari viwili vya dume vyatosha watu wanne. Mapaja yana kazi nyingi, kwa hiyo ni magumu: yapike kesho yake kwa nyanya na kitunguu, moto mdogo, saa moja na nusu au mbili. Mifupa ni ya supu. Mafuta yachuje, uyatie katika chupa safi yenye kifuniko, uyaweke mahali pa baridi, utumie kwa kukaangia mboga.

ONYO

Bata aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata kama anaonekana mnene. Wakifa wengi kwa ghafula, usiwaguse kwa mikono mitupu, bali mwarifu ofisa wa mifugo mara moja. Baada ya kushika nyama mbichi, osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukata mboga.

Anza na bata mmoja. Chakula cha siku mbili tayari unacho uani.