Uvimbe wa ubongo: Mbona hurudi baada ya kukatwa?

Mnamo 1928 daktari mpasuaji Walter Dandy, wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyowaondolea wagonjwa kadhaa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, ili kung'oa uvimbe uitwao glioma. Hata hivyo kansa haikukomeshwa.

Kwa nini? Seli za glioma hutoa vimeng'enya vinavyovunjavunja protini, kama vile vya tumboni vinavyosaga nyama uliyokula, msomaji. Vinavyotajwa sana ni MMP-2 na MMP-9. Si vibaya vyenyewe, kwani mwili huvitumia kuponya vidonda. Lakini kwenye uvimbe hula protini zinazoshikamanisha seli, na seli za kansa hupenya moja moja, zikiambaa na mishipa ya damu hadi kusikofikiwa na kisu. Mishipa mipya nayo huchipuka kulisha uvimbe.

Basi si vizuiwe? Vilijaribiwa kuzuiwa. Dawa ya marimastati haikurefusha maisha ya wenye glioblastoma, glioma iliyo kali zaidi, na wengi waliumwa na viungo. Kwa hiyo, baada ya upasuaji, madaktari wangali wanategemea miale na dawa ya temozolomaidi kuziwinda seli zilizotoroka.