Tumbo limepunguzwa, sinia je?

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji walioomba wayapate kwa maandishi.)

Mpenzi msikilizaji, juma hili nimekusudia tuzungumze juu ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, akaruhusiwa hospitali, akarudi nyumbani. Habari za upasuaji wenyewe zimekwisha kusemwa sana. Ninalotaka tulitazame ni lile linalofuata baada ya hapo: mtu huyo atakula nini, atakula vipi, na sisi tunaokaa naye nyumba moja tutamsaidia ama tutamwangusha.

Zamani jambo hili lilikuwa la kusikia tu kutoka India, Afrika Kusini na Ulaya. Leo liko karibu. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza huduma ya kuweka puto tumboni, na baadaye ikaongeza upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Mkazi wa Mwembesongo, hapa Manispaa ya Morogoro, anaweza kupanda basi Msamvu, akatibiwa huko na kurudi kwa barabara ileile. Wala tusidhani kwamba unene uliokithiri ni ugonjwa wa matajiri. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hiyo ni zaidi ya robo.

Kwanza tuelewe daktari anafanya nini. Puto halihitaji kisu. Hupitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, likifika tumboni hujazwa maji, kisha hukaa humo kwa muda wa miezi sita hivi, mengine zaidi, halafu hutolewa. Maji hayo mara nyingi hutiwa rangi ya buluu. Puto likipasuka mkojo hubadilika rangi, na mgonjwa hujua kwamba anatakiwa kurudi hospitali upesi.

Upasuaji ni jambo lingine. Katika aina moja, daktari huondoa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, na kinachobaki ni mfereji mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya grelini, ambayo huamsha njaa, na kwa hiyo mgonjwa hukaa miezi kadhaa bila hamu kubwa ya chakula. Katika aina ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kinachochukua kiasi cha vijiko viwili vya chakula, nacho huunganishwa na utumbo wa chini. Hapo chakula huruka sehemu ya njia, na baadhi ya vitamini na madini hayafyonzwi sawasawa.

Historia ina fundisho hapa. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota, Marekani, walichapisha taarifa ya upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo. Watu walipungua kweli. Lakini baadaye ilionekana kuwa wengi waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo walipata utapiamlo na maradhi ya ini na figo, na upasuaji huo ukaachwa. Tangu hapo madaktari wamejifunza kwamba kupungua peke yake si kupona, na kwamba aliyepasuliwa lazima alishwe kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, msikilizaji. Siku moja au mbili za mwanzo mgonjwa hunywa vimiminika vyepesi tu: maji, chai ya rangi isiyo na sukari, supu iliyochujwa. Baada ya hapo, mpaka kiasi cha majuma mawili, huongezewa maziwa, mtindi laini na uji mwembamba uliochujwa. Kuanzia juma la tatu hula vilivyosagwa au kupondwa, kama maharage, choroko, au samaki aliyetolewa miiba akapondwa. Kisha huja vyakula laini: yai la kuchemsha, viazi, mboga zilizoiva vizuri. Chakula cha kawaida hurudi baada ya majuma sita hadi manane hivi. Hospitali huzidiana siku chache katika ratiba hii, basi karatasi aliyopewa mgonjwa na daktari wake ndiyo ya kufuata, si maneno ya jirani wala haya yangu.

Kwa nini taratibu hivi? Kwa sababu tumbo lililokatwa na kushonwa ni kidonda. Kulijaza ugali siku ya kumi ni sawa na kumlazimisha aliyevunjika mguu acheze ngoma.

Baada ya majuma hayo ndipo kazi ya kweli inapoanza, nayo ni ya maisha. Kanuni ya kwanza ni protini. Mgonjwa anatakiwa apate gramu 60 hivi kwa siku au zaidi, la sivyo mwili utaanza kula misuli yake wenyewe. Mtu husikia gramu 60 akadhani ni lazima anunue unga wa kopo kutoka Ulaya. Si lazima. Yai moja lina gramu kama 6. Kikombe cha maziwa au cha mtindi kina gramu kama 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina gramu 20 hivi. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu kama 7. Basi mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha mtindi, kipande cha samaki na nusu kikombe cha maharage, vikigawanywa kutwa nzima, vinafikisha gramu 63. Vyote vinapatikana Soko la Chifu Kingalu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni kidogo.

Kanuni ya pili ni mpangilio wa sahani. Sisi tumezoea kuanza na ugali, na kitoweo ni cha kusindikizia. Aliyepasuliwa hugeuza: samaki au maharage kwanza, halafu mboga, na ugali au wali mwisho, kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki. Karoti, kabichi na njegere zinazoteremka kutoka Mgeta zimfae yeye kabla ya wali wa Kilombero. Na asishangae ugali ukimkatalia kwa miezi mingi, maana vitu vya kushikamana, kama ugali mgumu, mkate mpya na chapati, hukwama katika njia nyembamba. Nyama kavu ya kuchoma nayo hukwama.

Kanuni ya tatu ni mwendo. Tonge liwe dogo, litafunwe mpaka lilainike kabisa, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Akisikia mkazo chini ya kifua, au kwikwi, au kamasi zinaanza kutoka, hapo ameshiba. Tonge moja zaidi ni kutapika.

Kanuni ya nne ni maji. Anywe kama lita moja na nusu kwa siku, lakini kwa mafunda madogo, na si pamoja na chakula. Baada ya kula asubiri nusu saa. Soda, juisi ya miwa na chai ya vijiko vinne vya sukari aviage. Kwa yule mwenye kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo, sukari nyingi hushuka ghafla, na katika muda wa dakika chache moyo humwenda mbio, jasho humtoka, kizunguzungu humshika, na tumbo huharisha. Pombe nayo humpanda haraka kuliko zamani.

Kanuni ya tano ni vidonge. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D huwa ni vya maisha, kama daktari atakavyopanga. Kwa hiyo, kabla ya kukubali upasuaji, mtu aulize bei ya vidonge vya mwaka mzima na nauli ya kliniki, si bei ya upasuaji tu.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Anayetapika siku baada ya siku asikae nyumbani akinywa tangawizi. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1, na ikiisha, katika majuma machache tu, mtu huanza kuyumba akitembea, kuona mambo mawilimawili na kuchanganyikiwa. Madhara hayo yanaweza kubaki maisha. Mwenye homa, maumivu makali ya tumbo au moyo kwenda mbio katika siku za mwanzo aende hospitali saa hiyohiyo, kwa maana huenda mshono umevuja. Akifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa aonyeshe karatasi yake ya upasuaji, ili daktari ajue tumbo analolipima si la kawaida. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiendelee na dozi ileile kwa mazoea, kwani uzito ukishuka, dawa ya jana huweza kumshusha sukari kupita kiasi. Na asinunue diklofenaki dukani kwa kila maumivu, maana dawa za jamii hiyo huleta vidonda katika tumbo lililounganishwa. Akina mama washauriane na daktari na wasubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Sasa, mpenzi msikilizaji, nifike kwenye sinia. Daktari amepunguza tumbo la mtu mmoja. Hakupunguza sufuria ya nyumba yake, wala sinia la shughuli, wala mazoea ya ukoo. Kwetu chakula ni heshima. Mgeni akila kidogo, mwenyeji hujiuliza amekosea nini. Mama mkwe akikuongezea kijiko, kukataa ni kumvunjia adabu. Katika sinia la watu sita, anayetafuna polepole hukuta chakula kimekwisha, ama huharakisha akatapika. Mtu akisema ameshiba baada ya matonge matano, wenzake hucheka, wengine hununa.

Halafu yapo maneno ya mtaani. Mtu aliyepungua kilo 30 katika miezi michache hapiti barazani bila kuulizwa, "Mbona umekwisha, unaumwa nini?" Wasiouliza hunong'ona juu ya Ukimwi. Nywele nazo, kuanzia mwezi wa tatu hivi, huweza kukatika kwa muda kisha zikaota tena, na mnong'ono unapata ushahidi. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi, kwa sababu wengi bado huutazama unene wake kama cheti kwamba mume anamtunza. Wapo wanaorudia kula, si kwa njaa, bali ili watu wanyamaze.

Na kurudia inawezekana. Tumbo dogo halizuii aiskrimu, soda, chipsi na maandazi yaliyolainishwa kwa chai. Hivyo hupita kwa urahisi kuliko samaki. Anayevidokoadokoa kutwa huongezeka tena pole pole, na njaa, ambayo mwanzoni ilikuwa imelala, huamka baada ya mwaka mmoja au miwili. Huo mwaka wa kwanza ndio wa kujenga mazoea mapya. Vivyo hivyo kwa puto: likitolewa kabla mazoea hayajabadilika, kilo hurudi kuchukua nafasi yao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walio jikoni. Mpakulieni mgonjwa wenu sahani yake, ndogo, kabla ya sinia kutengwa. Mtoleeni kipande cha samaki kwanza. Akisema "nimeshiba, endeleeni", mwitikieni kwa wema na mambo yaishe. Shemeji, wifi na mjomba waelezwe mapema, ili kwenye arusi na msibani asilazimike kujitetea mbele za watu. Mwezi wa Ramadhani ukifika, amwone daktari wake kabla ya kunuia kufunga, kwani kutokunywa maji kutwa nzima kwa mtu wa mafunda madogo si jambo jepesi. Na wakati wa futari asilazimishiwe kila bakuli lililotengwa.

Tena, kama nyumba nzima itapunguza mafuta, sukari na ukubwa wa tonge, mgonjwa hatakuwa peke yake, na huenda mwingine katika nyumba hiyo asihitaji kamwe kulala juu ya meza ya upasuaji. Kisu cha daktari hufanya kazi saa chache. Mwiko wa jikoni hufanya kazi kila siku, nao ndio utakaoamua kama gharama na maumivu yale yalikuwa na faida.

Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.